Unga kwenye Joho

Mimi ndiye niliyemvisha joho.
Kila Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi,
studio namba tatu, Leeds, mvua ikitwanga paa la bati,
Wilfred Garside alinyoosha mikono
kama mtoto anayejaribishwa shati la Krismasi,
nami nikamnyunyizia vumbi la chaki mabegani.

Halikuwa la chaki. Chaki ilimkohoza.
Ulikuwa unga wa ngano, ule wa keki,
na Uingereza nzima haikujua.

Kabla ya hapo alikuwa uso tu.
Watu walimsimamisha sokoni: "Wewe si yule...?"
wakakwama. Hakuwasaidia.
Alikuwa polisi wa pili, asemaye "Huku, bwana," akatoka.
Alikuwa muuza baa afutaye bilauri ileile
wengine wakichambana mbele yake.
Kasisi, mara nne.
Maiti, mara tisa.
("Maiti ni kazi ya pumzi," aliniambia,
"na kuomba pua isiwashe.")
Alipigwa risasi, akatiliwa sumu kwenye chai,
akaporomoka ngazi na trei yake,
na Jumatatu yake ungemkuta kwenye foleni ya mkate, Kirkstall,
mkoba wa turubai mkononi, mzima kama kengele.
Miaka ishirini na sita ya kusogea kando
nyota apite.

Kisha wakampa Bwana Thackley,
mwalimu wa Kilatini, masharubu, saa ya mnyororo,
mwalimu wa zamani hata kwa zamani zile.

Skripti ya kwanza iliandika: *Anamchapa mvulana. Viboko sita.*
Garside akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.
Pargeter, mwongozaji, akauliza kuna nini.
"Hiyo siwezi."
Basi. Hakufafanua.
Mimi nilijua, maana nilimpima mikono ya shati:
vifundo vya mkono wa kushoto vilikaa upande.
Bacup, mwaka wa thelathini na moja, rula ya chuma,
kosa lake kuandika kwa mkono aliozaliwa nao.
Akiwa na miaka kumi na minne alikwishaingia kiwandani.

Kamera zikawaka.
Akalaza fimbo mezani, polepole, kama kitu kinacholala.
Akaenda dirishani. Akatia saa ufunguo.
Sekunde kumi na mbili hakusema neno,
na kwenye televisheni sekunde kumi na mbili ni kiangazi kizima.
Yule mvulana akalia kweli. Haikuwa kwenye skripti.

Barua zilikuja kwa magunia.
Mtu wa Hull aliuliza namna ya kumsamehe baba.
Bibi mmoja alitaka maana ya maneno
yaliyochongwa kaburini kwa mumewe.
"Kilatini," Garside akanong'ona, "sijui hata cha kumfukuzia paka."
Tukaenda maktaba, sisi wawili, tukafunua kamusi mpaka walipozima taa.
Akamjibu kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa,
akatia sahihi: *Thackley.*
Nilimwona akisita kabla ya lile jina.

Mwaka wa saba wakubwa wakasema majoho yamechujuka,
wanataka mwalimu mwenye gitaa.
Tukamwaga unga, sote kumi na wanane.
Na mimi niliumwaga kwelikweli:
nusu pakiti, kwenye sinki la chumba cha mavazi.
Ukaganda, ukaziba bomba.
Sikujuta.

Yeye akarudi kufa. Mara ya kumi, ya kumi na moja.

Nilimtembelea mara ya mwisho Skipton, nyumba ya wazee,
sebule inanuka kabichi na dawa ya sakafu.
Walikuwa wanarudia kipindi, picha imefifia rangi ya chai.
Mzee wa kiti cha pili akamnyooshea kioo kidole:
"Yule alinifundisha."
"Alikuwa mkali?" Garside akauliza.
Yule mzee akawaza muda mrefu.
"Alitazama nje," akasema. "Nikaona haya mpaka leo."

Garside hakujibu.
Akapangusa bega la sweta yake, mara mbili.
Halikuwa na kitu.
Nami nikaondoka zangu, nisije nikakosa basi.